Paka Hakubali Kulala Chali

Nakusalimu wewe uliye Kishapu, wewe wa Kahama, wewe wa Bukombe na Mbogwe, na wewe uliyeko machimboni Nyarugusu ambaye redio umeitundika kwenye nguzo ya turubai. Najua karasha linapiga kelele. Ongeza sauti kidogo. Jambo la leo halihitaji kalamu wala karatasi.

Leo hatuzungumzii bei ya pamba. Bei ya dhahabu nayo hatuzungumzii, ingawa najua wengi ndiyo mnayoisubiri. Leo tunazungumza habari ya paka.

Naona mmeshaanza kucheka. Paka! Mtu mzima anashika maikrofoni asubuhi asubuhi kuwaeleza watu wazima habari ya paka? Ndiyo, na nina sababu. Katika kanda yetu hii ng'ombe tunamjua mmoja mmoja. Mfugaji atakuambia yule mwenye pembe iliyopinda ni mkorofi, yule wa madoa ni mpole, na yule mweupe alikuja na mahari ya binti wa kwanza. Mbwa naye tunamjua kwa jina na kwa kubweka kwake. Lakini muulize mtu: paka wako ana tabia gani? Atakujibu, "Anakamata panya." Basi, kamaliza. Ndugu yangu, hiyo si tabia, hiyo ni kazi. Ni sawa na kuulizwa mkeo ni mtu wa namna gani, ukajibu, "Anapika."

Msikilizaji mmoja wa Bukombe alituletea ujumbe mfupi. Anasema: mtangazaji, paka wangu akikamata panya hamli. Anamrusha, anamwachia, anamkamata tena. Je, huo ni ukatili au ni uchawi? Ujumbe huo ndio ulionifanya niandae mazungumzo ya leo. Nitakujibu, ndugu yangu, usiende mbali.

Tuanze na mchezo wenyewe.

Twende kwenye nyumba ya mkulima wa pamba baada ya mavuno. Mnajua tunavyofanya: pamba ikishachumwa, kabla vyama vya ushirika, AMCOS, havijaanza kununua, inarundikwa ndani, chumba kizima, mpaka watoto wanahamishiwa sebuleni. Sasa mtie humo mtoto wa paka wa miezi miwili, umtazame. Kwanza anasimama mlangoni, masikio mbele. Amekiona kitonge kimoja cha pamba kimetikiswa na upepo. Anashuka taratibu mpaka tumbo linagusa sakafu. Mboni za macho zinatanuka hadi jicho karibu lote linakuwa jeusi. Masharubu yanakuja mbele. Halafu huku nyuma matako yanaanza kutikisika, kushoto, kulia, kushoto, kulia, miguu ikitafuta pa kukanyagia. Hapo nyumba nzima imenyamaza. Anaruka! Anatua juu ya rundo, anazama, haonekani. Limebaki sikio moja. Mara anaibuka upande wa pili, nyuzi za pamba kwenye masharubu, mgongo kaupinda, manyoya yamesimama, anatembea kiubavuubavu kumtisha adui ambaye hayupo.

Mama mwenye nyumba atafoka, na ana haki, maana pamba ikiingia uchafu inashushwa daraja. Lakini nimewahi kumwona mzee mmoja, mtu asiyecheka ovyo, akimrushia kitoto cha paka vitonge vya pamba kimoja kimoja, kwa siri, akidhani hatumwoni.

Ule mchezo ni nini hasa? Mtoto wa paka huanza kucheza na ndugu zake akiwa na umri wa wiki nne hivi. Wanaviziana, wanarukiana, wanang'atana shingo, wanapigana mateke kwa miguu ya nyuma. Tazama vizuri, utaona kila tendo ni kipande cha uwindaji: kunyata, kuotea, kurukia, kushika. Na katika kung'atana huko anajifunza kipimo. Aking'ata kwa nguvu mno, mwenzake analia na mchezo unavunjika. Paka aliyetengwa na mama yake mapema mno mara nyingi hukikosa kipimo hicho. Ukimchezea anakuuma kwelikweli, halafu tunasema ana roho mbaya. Kumbe tulimtoa shuleni kabla ya mtihani. Nasema hili kwa sababu huku kwetu watu huomba kitoto cha paka hata macho hakijafungua sawasawa. Mwacheni na mama yake wiki nane. Narudia: wiki nane.

Sasa nije kwa ndugu yetu wa Bukombe na panya wake. Panya ana meno, na anapobanwa pembeni anageuka na kuuma. Paka anaua kwa mdomo, na mdomo wake uko karibu sana na macho yake. Panya buku mmoja mwenye hasira anaweza kumwacha paka na jicho moja. Kwa hiyo paka anampiga kofi, anarudi nyuma, anampiga tena, mpaka panya achoke, ndipo amng'ate shingoni bila yeye mwenyewe kuumia. Hiyo ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba kwa paka, hamu ya kula na hamu ya kuwinda ni mambo mawili. Akishiba, ya kwanza inakwisha, ya pili inabaki. Ndiyo maana anamkamata panya na asimle. Na ndiyo maana pia si kweli kwamba paka akilishwa huacha kazi. Umenisikia, mama mwenye ghala la mahindi? Paka aliyeshiba bado anawinda. Mlishe.

Haya, mchezo tumeuona. Tuje kwenye heshima.

Hapa itabidi niwaelezee paka wa nyumbani kwangu, Ngokolo, mjini Shinyanga. Ni jike wa rangi tatu: nyeupe, nyeusi na ya chungwa. Na kama wewe una paka wa rangi hizo tatu na unamwita Juma, mchunguze upya, maana karibu wote wa namna hiyo ni majike. Sisi wetu tunamwita Shangazi. Watoto ndio waliompa jina hilo, kwa sababu akiingia sebuleni kila mtu anajikuta amekaa vizuri.

Shangazi haji akiitwa. Mbwa ukimwita anakuja mbio, mkia unapepea, hata kama unamwita umpige. Shangazi ukimwita anageuza sikio moja. Sikio tu. Kwa muda mrefu niliamini paka hawajui majina yao. Watafiti wa Japani wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2013 walitangaza matokeo ya kuwasikilizisha paka sauti za wageni na sauti za wenye nyumba wakiwaita. Paka walitambua sauti ya mwenye nyumba: masikio yaligeuka, vichwa viligeuka. Lakini kuinuka na kwenda kuitika? Ilikuwa nadra sana. Mwaka 2019 wakaonyesha kwamba paka wa nyumbani anaweza kulitofautisha jina lake na maneno mengine yanayofanana nalo. Kwa hiyo, wasikilizaji, Shangazi anasikia. Anajua ni yeye anayeitwa. Anajua ni mimi ninayemwita. Amejitia hamnazo tu.

Na mnamwona akikosea? Siku moja aliruka kutoka juu ya kabati akikusudia dirishani, akapunja hesabu, akatua ndani ya beseni la vyombo vichafu. Kishindo, sufuria zinalia, maji yamemwagika. Ingekuwa mimi ningetoka mbio. Shangazi alisimama mumo humo ndani ya beseni, akatutazama mmoja mmoja, akatoka kwa mwendo wa madaha, akaketi katikati ya chumba na kuanza kujilamba mguu, kana kwamba beseni ndiko alikokuwa anakwenda tangu mwanzo. Wataalamu husema paka akishtuka hujilamba ili kujituliza. Sawa, nawaamini. Lakini watoto waliokuwa wanacheka walinyamaza wenyewe, na hilo wataalamu hawakulieleza.

Wahenga walisema paka hakubali kulala chali. Walikuwa wameshamwona akianguka. Mwachie paka kutoka juu, mgongo ukiwa chini, naye atajigeuza hewani na kutua kwa miguu. Jambo hili liliwasumbua wasomi wa Ulaya, kwa sababu kitu kisicho na pa kujisukumia hewani kingejigeuzaje? Mwaka 1894 Mfaransa aliyeitwa Étienne-Jules Marey alimpiga paka picha nyingi za haraka haraka akianguka, na picha zikaonyesha siri yenyewe: kwanza anageuza kichwa na miguu ya mbele, kisha kiuno na miguu ya nyuma vinafuata, uti wa mgongo ukijipinda katikati. Msijaribu nyumbani, tafadhali. Paka akianguka kutoka mbali anaumia kama mwingine yeyote.

Ila methali ile ina upande wa pili. Saa nane mchana, jua la Shinyanga likiwaka, mpite Shangazi mkekani: amelala chali, miguu minne juu, tumbo nje. Amekubali! Hapo ndipo wageni wanapoponzwa. Wanaona tumbo jeupe laini, wanapeleka mkono, wanaparuliwa. Paka anayekuonyesha tumbo anakuambia kwamba hakuogopi, hajakuambia umshike. Heshimu hilo, na wewe utaheshimiwa.

Kuna jambo jingine ambalo bila shaka mmeliona. Sebuleni wamekaa watu watano. Wanne wanampenda paka, wanamwita, wanamnyoshea mikono, wanamkodolea macho. Wa tano hampendi kabisa, kageuza uso. Paka atakwenda kukaa kwenye mapaja ya nani? Ya huyo wa tano! Watu wanasema anafanya makusudi. Hapana. Kwa paka, kukodolewa macho ni kutishwa. Yule asiyemtazama ndiye pekee, machoni pa paka, mwenye adabu. Jaribu hivi leo: mtazame paka wako akiwa ametulia, kisha ufumbe macho polepole na kuyafumbua polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kwamba paka humrudishia mtu salamu hiyo kwa kufumba macho vilevile, na huwa tayari zaidi kumsogelea hata mtu asiyemjua akifanya hivyo. Mimi nimejaribu kwa Shangazi. Alinijibu, kisha akalala.

Tabia hizi za kujitegemea zimetoka wapi? Zimetoka karibu sana na sisi. Vinasaba vya paka vilivyochunguzwa, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2007, vilionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani, hata wale wenye manyoya marefu wa kwenye kalenda, ni wa ukoo wa paka pori yule yule wa Afrika na Mashariki ya Karibu. Wakulima wa kwanza walipoanza kuhifadhi nafaka, panya walikuja, na paka pori akawafuata panya. Hakuna aliyemfunga kamba. Katika kisiwa cha Cyprus limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita, mtu amezikwa, na paka amezikwa kando yake. Ng'ombe tulimteka, paka alihamia. Ukilikumbuka hilo, mengi unayoyaita kiburi utayaelewa.

Na huyo paka pori yupo hapa hapa. Wazee wa Shinyanga mnakumbuka jinsi miti ilivyokatwa miaka ya ukoloni kwa ajili ya vita dhidi ya mbung'o, hadi ardhi ikabaki tupu, na jinsi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 ulivyosaidia kurudisha ngitili zetu, yale maeneo ya malisho na vichaka tunayoyahifadhi. Kwenye vichaka kama hivyo ndiko anakopenda. Ni wa kijivu, miguu mirefu, mkia una pete na ncha nyeusi, mgongo wa masikio mwekundu kidogo. Mara nyingine huzaa na paka wetu. Kwa hiyo usishangae kitoto chako kikiwa na miguu mirefu na hasira za porini. Babu yake huenda yuko ng'ambo ya mto.

Sasa, wasikilizaji, niwaombe tukae vizuri, maana nakuja kwenye jambo zito.

Kanda yetu ina jeraha tusilopenda kulitaja. Kwa miaka mingi, Shinyanga, Geita, Mwanza na Simiyu, tumezika vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Kosa lao? Macho mekundu. Na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi na wa miti ya pamba, kwenye jiko lisilo na dirisha, miaka hamsini, sitini ya kupikia watu wale wale waliokuja kuwashuku. Katika hadithi hizo paka naye hakosi. Bibi anaishi peke yake, watoto wamekwenda machimboni, mwenzake wa kuongea naye jioni ni paka. Basi paka anakuwa ushahidi! Wanasema macho yake yanawaka usiku. Wanasema analia kama mtoto mchanga.

Tulichukue hilo la macho. Ndani ya jicho la paka, kwa nyuma, kuna utando unaorudisha mwanga ili aone gizani. Ukimmulika, mwanga unakurudia. Hakuna zaidi. Na kama huniamini, leo usiku chukua tochi uende zizini ukawamulike ng'ombe wako. Macho yatawaka zizi zima. Mbuzi vilevile. Mbona ng'ombe hujawahi kumwita wa kichawi? Mbona hujamfukuza mwenye zizi?

Na kile kilio cha usiku kama cha mtoto: ni jike anayetafuta dume, au madume mawili yanayogombania jike juu ya bati lako. Kelele zile zinaudhi, hilo nakubali. Zinatisha pia ukiwa umetoka usingizini. Lakini ni kelele za paka na mambo yao ya ndoa, na bibi wa nyumba ya pili hana habari nazo, kalala. Nasema na vijana hasa. Mkisikia mtu anataja paka wa bibi fulani kwa sauti ya chini, huku anatazama pembeni, msimchekee. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji, nendeni polisi, mapema. Maneno ya namna hiyo yameshaua watu katika kanda yetu.

Twende Geita sasa, kwa paka mwingine.

Katika machimbo fulani wilayani Geita kuna paka dume, wa kijivu, sikio moja limechanika, anayekaa kwa mama lishe. Wachimbaji wanamwita Mkaguzi. Kila asubuhi, mawe yakishatolewa duarani na viroba vikapangwa kusubiri karasha, Mkaguzi anapita. Ananusa kiroba cha kwanza, cha pili, cha tatu, hana haraka. Akifika mwisho anapanda juu ya kile kilicho juu kuliko vyote, anajinyoosha, anakunja mikono chini ya kifua. Na vijana wale, wanaoshuka kwenye shimo refu kwa kamba bila kutetemeka, wanasimama wanamsubiri ashuke. Nilimuuliza mmoja kwa nini asimwondoe. Akasema, "Mzee, wewe mwondoe."

Nilicheka. Lakini mchana nilimwona Mkaguzi amelala karibu na mahali wanapochomea dhahabu, na kicheko kikakatika.

Nisikilizeni vizuri hapa. Kusini mwa Japani kuna mji wa Minamata, pembeni ya bahari. Miaka ya 1950 wavuvi wa huko walianza kuwaona paka wao wakifanya vituko. Wanazunguka, wanarukaruka, wanatetemeka, mate yanawatoka, wengine wanajitupa baharini. Watu walisema paka wanacheza ngoma. Wengine walicheka. Kisha ikawa zamu ya watoto wao, na ya watu wazima. Mwaka 1956 hospitali ikatoa taarifa rasmi ya ugonjwa usiojulikana. Chanzo kilikuwa zebaki. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kinamwaga maji yake machafu baharini, zebaki ikaingia kwenye samaki, na paka, aliye mla samaki mkubwa kuliko wote nyumbani, akaugua kwanza. Daktari wa hospitali ya kiwanda hicho hicho, Hosokawa Hajime, alimlisha paka uchafu wa kiwanda mwaka 1959, na paka akapata ugonjwa ule ule. Matokeo yakafichwa. Serikali ya Japani ilikuja kukiri chanzo rasmi mwaka 1968.

Mwaona? Paka walisema mapema. Watu walidhani ni mchezo.

Sisemi kwamba samaki wa ziwa letu, Victoria, wana sumu, msije mkanitangaza vibaya sokoni. Na zebaki yetu haitoki kiwandani, ni ya kukamatia dhahabu. Lakini zebaki ni zebaki. Ukiichoma inapanda kama moshi, unaivuta wewe, anaivuta mtoto, anaivuta Mkaguzi. Nyingine inashuka mitoni, na ndani ya matope vijidudu huigeuza kuwa ile aina inayojikusanya kwenye samaki. Hapa si jambo geni: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa shirika la Umoja wa Mataifa la UNIDO ulifanya kazi Rwamgasa, Geita, juu ya jambo hili hili, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, unaobeba jina la mji ule wa paka. Basi ninalowaomba ni dogo. Usichomee zebaki jikoni. Usichomee kwenye chumba cha kulala eti upepo usipeperushe dhahabu. Kikaango cha zebaki kisirudi kuwa kikaango cha dagaa. Ukiweza kupata ritoti, kile chombo kinachofungia moshi, itumie.

Na mtazame paka wako. Aliyekuwa anaruka vizuri akianza kukosea ruka baada ya ruka, aliyekuwa na madaha akianza kuyumba, mate yakimtoka, usisimame kucheka wala kupiga video. Huenda ni zebaki. Mara nyingi zaidi huenda amekula panya aliyekula sumu uliyonunua mnadani, maana sumu ile haiishii kwa panya. Huenda pia ni kichaa, kile tunachokiita cha mbwa. Paka naye hukipata na kukiambukiza. Lakini utayajuaje haya kama hukuwahi kuujua mchezo wake akiwa mzima? Ndiyo maana tangu asubuhi nahangaika na habari za matako ya kitoto cha paka kwenye pamba.

Muda unanikimbiza, kwa hiyo haya machache niyapitie haraka. Ugali mtupu haumtoshi paka. Mwili wake unahitaji kitu kilichomo kwenye nyama na samaki, kinaitwa taurini. Akikikosa muda mrefu, macho na moyo vinaharibika. Vunjia dagaa kwenye ugali wake. Matobolwa ya viazi vitamu usimpe ukidhani unamdekeza, ulimi wake hauonji utamu. Maziwa mengi humharisha paka mkubwa, ajapokuwa anayapenda, kwa hiyo mwekee maji. Na Panadol ni sumu kwake. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Mama mjamzito asizoe kinyesi cha paka, kazi hiyo apewe baba.

Ukiumwa au kuparuliwa na paka usiyemjua, au anayefanya vituko, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dakika 15, siku hiyo hiyo. Usipake udongo, usisubiri uone.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Lakini usiingoje. Ofisa mifugo akipita kwenye kata yako kuchanja, mtie paka wako kwenye kikapu chenye mfuniko, umpeleke. Paka akifikisha miezi mitatu anachanjwa, na chanjo hurudiwa. Najua utakuta foleni yote ni ya mbwa, na watu watakucheka umemleta paka. Waambie umetumwa na redio.